Maswali na Majibu: Mafuta ya mchaichai, mdalasini na aldehaidi zake

Barua za toleo hili zimetoka hasa kwa wakamuaji wadogo wa mafuta tete (mafuta ya kunukia ya mimea) na watengeneza sabuni. Wengi wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini mafuta yaliyonukia vizuri jana yamegeuka leo? Tumeyaweka majibu pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja: aldehaidi.

SWALI: Nilikamua mafuta ya mchaichai mwezi wa tano, nikayatia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Hayakuijaza, yalifika katikati tu. Yalikuwa ya manjano hafifu, yananukia limau kali. Sasa ni miezi minne, yamekuwa kahawia, yananata kwenye kifuniko na yananuka kama rangi ya kupakia milango. Yamepatwa na nini, na je, yanaokoleka? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Yameliwa na hewa, ndugu yetu, na ile nusu ya chupa iliyobaki tupu ndiyo iliyoyala.

Sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, kwa kawaida asilimia 65 hadi 85, ni sitrali. Sitrali ni pacha wawili wenye fomula ileile, C10H16O: mmoja huitwa jeraniali, mwingine nerali. Hutofautiana kwa upande ambao molekuli imejikunja, basi. Wote wawili wana ncha moja ya kufanana: atomu ya kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa mikono miwili, mkono wa tatu umeshika haidrojeni, na wa nne umeshika mwili wa molekuli. Ncha hiyo, ambayo wanakemia huiandika CHO, ndiyo aldehaidi. Ndiyo inayoipa sitrali harufu ya limau, na ndiyo hiyohiyo isiyotulia.

Ile haidrojeni ya kwenye ncha hung'oka kwa urahisi. Mwanga, joto au chembe ya kutu ikishaanzisha shughuli, molekuli moja hupoteza haidrojeni yake, hunasa oksijeni ya hewani, kisha humpokonya jirani haidrojeni ili itulie. Jirani naye humgeukia wa pili, na mchezo hauishi mpaka hewa iishe. Kinachobaki ni peroksidi (molekuli zilizobeba oksijeni ya ziada) na baadaye asidi, na asidi hiyo hainukii limau. Mbali na ncha hiyo, mwilini mwa sitrali mna miungano maradufu miwili (mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili), na mafuta ya mchaichai wetu huwa pia na mirsini, kitu chepesi ambacho molekuli zake hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa minyororo mirefu. Minyororo hiyo ndiyo unato wa kwenye kifuniko chako. Rangi ya mafuta ubaoni hukauka kwa njia hiyohiyo ya kula oksijeni na kushikana, kwa hiyo pua yako haikukosea.

Msimu ujao fanya hivi. Mafuta yakishatengana na maji, yaache yatulie saa 24, kisha mimina polepole ukiyaacha maji chini. Hata yakionekana safi, bado yana maji yaliyoyeyukia ndani. Tia sodiamu salfeti kavu, chumvi inayofyonza maji, gramu 20 hadi 30 kwa lita, baada ya kuichoma kwenye oveni ya 200°C kwa saa moja ili itoe unyevu wake. Tikisa, uache usiku kucha. Asubuhi itazame chumvi: punje zikiwa zinacheza chini kama mchanga, inatosha, zikiwa zimeshikana donge, ongeza kidogo na usubiri tena. Chuja kwa karatasi ya kuchujia au pamba safi.

Chombo kiwe chupa ya kioo cha kahawia, ijae hadi shingoni, ukibakiza sentimita moja au mbili tu za kutanukia. Plastiki ya chupa za maji hupitisha oksijeni kidogo kidogo, na vifuniko vyenye mpira huvimba na kuyeyukia ndani ya mafuta, kwa hiyo usitumie kabisa chupa yenye kifuniko cha mpira cha kudondoshea matone kuhifadhia. Kama una lita 5 na unauza mililita 10 kwa siku, usiifungue chupa hiyo kubwa kila asubuhi. Gawa mara moja kwenye chupa za mililita 100, andika tarehe ya kukamua kwenye kila moja, ziweke gizani mahali pa baridi. Friji ni bora.

Na yale yaliyoharibika? Ukiyapitisha tena kwenye mvuke, sitrali iliyosalia itapanda na gundi itabaki chini. Utapata pungufu, na harufu haitarudi yote. Tumia kwenye sabuni ya kudekia sakafu tu. Mwilini hapana, hata kama yananukia vizuri, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kula hewa huamsha mzio wa ngozi kuliko mapya.

SWALI: Kikundi chetu kina ekari moja ya mchaichai. Tunatumia pipa la lita 200, lakini mafuta ni machache, na mapishi mengine yananuka moshi. Tunakosea wapi? (Kikundi cha wakulima, Muheza)

JIBU: Kwanza mpime matarajio. Majani mabichi hutoa mafuta asilimia 0.2 hadi 0.4 ya uzito wake. Pipa lenu, likishatengewa nafasi ya maji chini, huchukua kama kilo 30 za majani yaliyokatwakatwa na kushindiliwa. Hapo tegemeeni gramu 60 hadi 120 kwa pishi moja. Mkipata 70 mvua ikiwa inanyesha, hamjaibiwa: majani yaliyolowa ni mazito kwa maji, si kwa mafuta.

Harufu ya moshi hutokana na majani kugusa chini ya pipa, au maji kukauka. Wekeni wavu imara sentimita 30 kutoka chini, na maji yafike sentimita 20. Kwa pipa la kawaida hayo ni karibu lita 50, yanatosha saa mbili bila kuongeza. Majani yakae juu ya wavu na yapigwe na mvuke tu, yasichemke ndani ya maji. Sababu si harufu peke yake. Majani yana asidi zake, na sitrali ikichemshwa muda mrefu kwenye maji yenye asidi hujikunja, hupokea maji na kugeuka vitu vingine visivyo na harufu ya limau.

Wengi hushangaa kwamba sitrali ikiwa peke yake huchemka karibu 229°C, ilhali pipa halizidi 100°C. Siri ni kwamba maji na mafuta havichanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba kipo peke yake, na misukumo ya mivuke miwili hujumlishwa. Jumla ikifikia msukumo wa hewa, vyote viwili huondoka pamoja, chini kidogo ya joto ambalo maji matupu huchemkia. Ndiyo maana mvuke ni njia ya upole kwa aldehaidi.

Kata mchaichai wa kwanza ukiwa na miezi minne hadi sita, kisha kila miezi miwili au mitatu, ukiacha shina la sentimita 10 hadi 15 lichipue. Tandaza majani kivulini kwa saa 12 hadi 24 yanyauke. Yatandazwe, yasirundikwe, kwa kuwa rundo hupata joto lake lenyewe, huchacha na kuanza kula mafuta. Ukishakatakata vipande vya sentimita mbili au tatu, pakia palepale, maana kila mkato ni mlango wa harufu kutoroka. Shindilia sawasawa: mvuke ni mvivu, ukipata upenyo pembeni utapita hapohapo na kuliacha rundo la katikati na mafuta yake.

Sehemu kubwa ya mafuta hutoka saa ya kwanza. Baada ya saa moja na nusu kinga glasi moja ya maji yanayotoka. Kama juu hakuna utando, zima moto. Kuni zinazoendelea kuungua hazilipwi tena.

Maji yanayotoka kwenye mrija wa kupozea yawe vuguvugu, nyuzi 30 hadi 40. Yakiwa moto, mnanusa faida yenu hewani. Yakiwa meupe kama maziwa, mafuta yamevunjika matone madogo mno: punguzeni moto ili mtiririko uwe wa taratibu, na chombo cha kutenganishia kiwe kirefu. Mafuta ya mchaichai yana uzito wa gramu 0.87 hadi 0.90 kwa mililita, kwa hiyo huelea, na maji yatolewe kwa bomba linaloanzia chini ya chombo. Maji hayo msiyamwage. Sitrali huyeyuka ndani yake kiasi kisichofika gramu moja kwa lita, inaonekana ndogo, lakini kwa lita 12 za kila pishi ni hasara mnayoweza kuizuia kwa kuyarudisha kwenye pipa pishi linalofuata.

Na pipa lenyewe! Kama lina kutu ndani, mafuta yatatoka yakiwa tayari yamebeba chuma, na tumekwisha kueleza juu kuwa chuma ndicho kinachowasha moto wa kuharibika. Kama hamna uwezo wa kununua pipa zima la chuma kisichoshika kutu, basi walau kifuniko, mrija na chombo cha kupokelea viwe vya chuma hicho.

SWALI: Nimeuziwa mafuta ya gome la mdalasini kwa bei ya kutupa. Muuzaji alisema angalia, yanazama kwenye maji, kwa hiyo ni halisi. Nifanye vipi kuhakikisha? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Kuzama hakuthibitishi kitu. Mafuta ya gome huzama, na mafuta ya majani ya mdalasini pia huzama. Ndani yake hata hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Gome la mdalasini wa kweli, ule unaolimwa Zanzibar na Sri Lanka, hutoa mafuta yenye sinamaldehaidi asilimia 55 hadi 75. Hiyo ndiyo aldehaidi ambayo Dumas na Péligot waliitenga Ufaransa mwaka 1834. Majani ya mti huohuo hutoa hasa yujenoli, asilimia 70 hadi 85. Yujenoli ndiyo harufu ya karafuu, na si aldehaidi bali ni fenoli, yaani molekuli yenye OH iliyoshikana na pete ya kaboni sita. Gome ni kazi kubwa na mafuta yake ni haba, ilhali majani hutupwa shambani baada ya kuchuna. Bei ya kutupa tayari imekujibu nusu ya swali.

Nusu nyingine ijibiwe na chupa mbili ndogo.

Jaribio la kwanza ni la kutafuta yujenoli. Yeyusha gramu 5 za kostiki soda kwenye mililita 95 za maji (soda iingie kwenye maji, kamwe si maji kumiminwa juu ya soda, vaa glavu na miwani). Kwenye silinda nyembamba yenye alama, tia mililita 1 ya mafuta na mililita 9 za maji hayo. Ziba, tikisa dakika mbili, yaache yatengane. Yujenoli hugeuka chumvi na kuyeyukia kwenye maji. Safu ya mafuta ikipungua hadi mililita 0.3 au chini ya hapo, umeuziwa majani, au karafuu. Ikibaki karibu yote, hakuna fenoli nyingi. Soma mapema, ndani ya dakika chache, kwa kuwa soda nayo hula sinamaldehaidi polepole.

Jaribio la pili ni la kutafuta aldehaidi yenyewe. Nunua sodiamu metabaisalfaiti, ile ya kuhifadhia juisi na mvinyo. Yeyusha gramu 40 kwenye mililita 60 za maji, nje au dirishani, kwa sababu hutoa gesi inayobana kifua. Mwenye pumu asikaribie. Tia mililita 4 za maji hayo juu ya mililita 1 ya mafuta, ziba na tikisa kwa nguvu, ukiachia upepo mara kwa mara. Salfaiti hujishikiza kwenye ncha ya CHO na kuigeuza chumvi. Mafuta ya gome hupata joto mkononi na ndani ya dakika chache huganda donge jeupe au la manjano. Ya majani hubaki kama yalivyo.

Lakini usidanganyike na donge pia. Mdalasini wa Kichina nao una sinamaldehaidi, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, na sinamaldehaidi ya kiwandani huganda vilevile. Majaribio haya mawili hukamata udanganyifu wa majani, ambao ndio ulioenea zaidi. Ule wa kiwandani hukamatwa na mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kila kiungo kwa zamu yake. Kwa ununuzi wa zaidi ya lita moja, gharama ya kupima sampuli huwa ndogo kuliko hasara.

SWALI: Maabara yetu ya sekondari ina bureti na mizani ya gramu 0.01. Je, wanafunzi wanaweza kupima asilimia ya sitrali bila mashine kubwa? (Mwalimu wa kemia, Kakamega)

JIBU: Wanaweza, Mwalimu, na ni somo zuri kuliko kuchanganya asidi na besi zisizo na maana kwao. Mnachohitaji ni haidroksilamini haidrokloridi. Nayo hushika ncha ya aldehaidi, na kwa kila molekuli inayoshikwa huachiliwa molekuli moja ya asidi ya haidrokloriki. Mkiipima asidi hiyo, mmeipima sitrali.

Yeyusha gramu 34.7 za haidroksilamini haidrokloridi kwenye alkoholi ya asilimia 60 hadi ifike lita moja. Ongeza matone ya bromofenoli buluu, kiashiria kinachobadili rangi kwa asidi, halafu tone kwa tone la potasiamu haidroksaidi mpaka rangi iwe ya kijani kibichi, kati ya manjano na buluu. Mimina mililita 35 kwenye chupa mbili zilizo sawa. Ya kwanza muiache bila mafuta, hiyo ndiyo ya kulinganishia rangi. Ya pili tieni gramu 1.00 ya mafuta, tikiseni, subirini dakika 15. Itageuka manjano kwa sababu ya asidi. Sasa rudisheni rangi kwa potasiamu haidroksaidi ya 0.5 mol/l kutoka kwenye bureti mpaka ifanane na chupa ya kwanza. Subirini dakika mbili; manjano ikirudi, endeleeni.

Kila mililita ya bureti ni gramu 0.0761 za sitrali. Mkitumia mililita 9.5, sitrali ni gramu 0.723, yaani asilimia 72 ya mafuta. Kwa sinamaldehaidi tumieni 0.0661 badala yake, kwa maana molekuli yake ni nyepesi zaidi.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni mafuta yenye umri: asidi iliyokwisha kujijenga ndani yake huhesabika kama sitrali, na mafuta mabovu hupata alama nzuri. Dawa yake ni kupima gramu 1 nyingine kwenye alkoholi tupu yenye kiashiria hichohicho, bila haidroksilamini, na kutoa kiasi hicho. La pili ni kusimama kwenye buluu badala ya kijani, na hapo majibu hupanda. La tatu ni kupuuza kwamba ketoni (ndugu wa aldehaidi wasio na ile haidrojeni ya kwenye ncha) nazo hushikwa, kwa hiyo kilichopimwa kwa hakika ni jumla ya aldehaidi na ketoni "kwa hesabu ya sitrali". Waandike hivyo kwenye daftari. Na glavu zisivuliwe, haidroksilamini ni sumu na huwasha ngozi.

SWALI: Natengeneza sabuni ya magadi baridi, yaani ya kostiki soda na mafuta ya nazi na alizeti bila kupika. Ya mchaichai hupoteza harufu baada ya wiki sita, ya mdalasini huganda sufuriani kabla sijamimina, na ya vanila hugeuka kahawia. Naomba msaada. (Mama mjasiriamali, Kilifi)

JIBU: Mama, matatizo yako matatu yana mzizi mmoja: kostiki soda na aldehaidi haviivi chungu kimoja.

Ndani ya rojo la sabuni mbichi, soda huipasua sitrali vipande viwili. Kimoja ni methilheptenoni, chenye harufu ya majani na matunda isiyo kali, kingine ni asetaldehaidi, ambayo huruka. Kadiri rojo linavyokuwa la moto na soda ikiwa bado nyingi, ndivyo sitrali inavyopungua. Basi punguza muda wa kukutana kwao. Soda na mafuta vyote vishuke chini ya 40°C. Koroga mpaka rojo liache alama nyepesi, ndipo utie mafuta ya mchaichai, ukiwa umeyachanganya kwanza na vijiko viwili vya mafuta ya nazi uliyoyabakiza. Tia asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mafuta ya msingi. Kuzidisha hapo hakurefushi harufu. Usiifunike kwa mablanketi, iache ipoe. Wanaopika sabuni wana nafuu: hungoja soda iishe kabisa, sabuni ipoe chini ya 70°C, ndipo watie harufu, na sitrali nyingi husalimika.

Mdalasini tunakushauri uuache kabisa kwenye sabuni ya mwili. Kuganda ni dogo. Yujenoli iliyomo hudakwa na soda papo hapo na kulishtua rojo. Kubwa ni ngozi. Sinamaldehaidi ina muungano maradufu jirani kabisa na ncha yake ya CHO, na jozi hiyo hujifunga kwenye protini za ngozi. Mwili ukishaitambua protini iliyofungwa kama adui, mzio haurudi nyuma: mteja atawashwa kila akigusa mdalasini. Ukitaka rangi na jina, unga wa mdalasini kidogo hutoa rangi, ingawa nao hukwaruza.

Vanilini, kiini cha harufu ya vanila, ni aldehaidi na ni fenoli kwa pamoja, na kwenye soda hula oksijeni na kuwa kahawia. Hakuna dawa ya kuzuia moja kwa moja. Tengeneza rojo la vanila peke yake, uligeuze tabaka la kahawia kwa makusudi, na tabaka jeupe liwe bila vanila. Jua kwamba rangi huhamia taratibu kwenye tabaka jirani.

Kama unawauzia wageni wanaorudi Ulaya, au unasafirisha, sheria za huko hudai sitrali itajwe kwa jina kwenye lebo ikizidi asilimia 0.01 kwenye bidhaa ya kuoshwa, na 0.001 kwenye ya kupakwa na kuachwa. Sabuni yenye mafuta ya mchaichai asilimia 2 ina sitrali karibu asilimia 1.5, ukiacha ile iliyopasuliwa na soda. Ni mara 150 ya kiwango hicho. Kwa hiyo kila sabuni yako iandikwe, bila kubahatisha.

SWALI: Mkaratusi wenye harufu ya limau umejaa kwetu. Naweza kupaka mafuta yake kufukuza mbu badala ya kununua dawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa kukaa barazani jioni, utapata nafuu fupi. Kwa kujikinga na malaria, usiyategemee.

Mafuta ya mkaratusi huo yana sitronelali, aldehaidi yenye harufu ya limau na majani, hadi asilimia 85 hivi. Mbu hawaipendi, lakini ni nyepesi, hupaa kutoka kwenye ngozi na ulinzi wake hupaa nayo. Dawa ya dukani iliyoandikwa "mafuta ya mkaratusi wa limau" si mafuta haya. Kiwandani sitronelali hukorogwa na asidi hafifu na maji. Ncha ya aldehaidi hujikunja na kuushika muungano maradufu ulio upande wa pili wa molekuli, pete ya kaboni sita hufungika, na maji hupokelewa. Kinachozaliwa huitwa PMD. Si aldehaidi tena, ni alkoholi yenye vikundi viwili vya OH, nzito zaidi, nayo hukaa kwenye ngozi saa kadhaa. Mafuta ya majani yana PMD kidogo sana.

Ukitaka kuyapaka, tia matone 20 (mililita moja hivi) kwenye mililita 50 za mafuta ya nazi, jaribu kwanza ndani ya kiwiko na ungoje siku moja. Paka tena kila saa. Watoto wa chini ya miaka mitatu usiwapake, hata ile dawa ya PMD. Chandarua kibaki palepale.

SWALI: Kwa nini mume wangu anasema dhania ina ladha ya sabuni? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Anasema kweli. Harufu ya majani ya dhania, au kotmiri kama wanavyoita wengine, imejengwa na aldehaidi za mnyororo mrefu, kama dekanali na ndugu zake wenye muungano maradufu. Aldehaidi za namna hiyo hupatikana pia kwenye harufu za sabuni. Baadhi ya watu wamezaliwa na aina ya jeni (chembe ya urithi) ya kunusa, OR6A2, inayozihisi kwa ukali. Twanga majani na uyaache dakika kumi kabla ya kutia kwenye mchuzi: vimeng'enya vya jani lenyewe hupunguza aldehaidi hizo. Au mtumilie mbegu za giligilani, ambazo harufu yake ni linaloli, si aldehaidi.

SWALI: Nauza chipsi. Mafuta ya alizeti yakikaa siku ya tatu kikaangoni huwasha macho. Hiyo nayo ni aldehaidi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ndiyo, na hii si ya kunukia. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi linoleiki nyingi, yenye miungano maradufu miwili. Oksijeni hujishika hapo, kisha mnyororo hukatika na kuachia heksanali, ile harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Yakipata moto hadi kutoa moshi, glisiroli iliyomo hupoteza maji na kugeuka akrolini, aldehaidi ndogo, na kali kuliko zote tulizozitaja leo. Hiyo ndiyo inayokuliza, na inaharibu mapafu.

Nunua kipimajoto. Kaanga kwa 170 hadi 180°C, si zaidi. Viazi vifutwe maji, chumvi itiwe sahani, si juu ya kikaango, na makombo yachujwe kila jioni mafuta yakiwa yamepoa kiasi. Kutia mafuta mapya juu ya ya zamani hakuyafufui. Peroksidi za zamani huanza kuyala mapya siku hiyohiyo. Mawese na mafuta ya nazi huvumilia zaidi kwa kuwa yana miungano maradufu michache, ingawa ya nazi hutoa moshi mapema kuliko alizeti iliyosafishwa, basi moto wake uwe mdogo. Povu likianza kukaa juu bila kupasuka, au moshi ukionekana kabla ya kufika 180°C, mafuta hayo yameisha.